Mgeni ana siku moja Dar, Kariakoo inapitwa

MGENI wa kutoka ng'ambo anayekuja Tanzania kwa mapumziko, akipita Dar es Salaam, huwa na siku moja tu ya kuitumia jijini, na pengine nusu yake. Jana ametoka mbugani na kesho anapanda boti kwenda Unguja, au kinyume chake. Siku hiyo moja inauzwa na kununuliwa kama bidhaa nyingine yoyote. Ina washindani wake, ina bei ya rejareja na ina madalali. Wafanyabiashara wa Kariakoo, wenye soko linalojulikana kuanzia Lubumbashi hadi Moroni, kwa sehemu kubwa hawamo katika biashara hiyo.

Si kwamba wageni hawapo. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 1.8, na mwaka 2024 idadi hiyo ilipanda hadi zaidi ya milioni 2.1. Kuna wanaoshukia Kilimanjaro au Zanzibar moja kwa moja na jiji hawalioni kabisa. Lakini wanaopita Dar es Salaam wanatosha kulisha mitaa kadhaa, iwapo wangepelekwa huko. Wengi wanaishia kwenye fukwe za kaskazini, wanakula, wanalala, na fedha zao zinabaki hotelini.

Maswali manne

Jinsi mgeni anavyochagua mahali pa kutembelea si siri. Jioni anakaa na simu yake, au anateremka mapokezi ya hoteli, akitaka kujua mambo manne: anaondoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, analipa kiasi gani, na ni nani anayempeleka. Anayeweza kujibu yote manne bila kusitasita ndiye anayempata. Uzuri wa mahali hufikiriwa baadaye. Ndiyo maana kisiwa kisicho na wakazi, chenye mchanga na vibanda vya kukaangia samaki, kinaushinda mji wenye historia ya zaidi ya miaka 150.

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya viko katika hifadhi ya bahari iliyo mbele ya jiji. Boti za Bongoyo hupakia Msasani, za Mbudya hupakia upande wa Kunduchi. Mgeni anajua kwamba atalowa, atakula, ataogelea, na atakuwa hotelini kabla ya magharibi. Ada ya hifadhi inajulikana, nauli ya boti inajulikana, na la kumtia wasiwasi ni jua la mchana tu. Biashara hii haihitaji kupigiwa debe.

Bagamoyo ni mshindani wa pili. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 70 kwa barabara, na kwa upande wa historia mji huo haupungukiwi na kitu: magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, mahali mwili wa David Livingstone ulipopitishwa mwaka 1874 ukielekea Zanzibar na hatimaye Uingereza, na mabaki ya utawala wa Wajerumani waliokuwa na makao makuu yao hapo hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Kinachoiponza Bagamoyo ni foleni. Gari inayotoka katikati ya jiji asubuhi inapambana na Mwenge, Tegeta na Bunju, na jioni inapambana nayo tena. Mgeni mwenye ndege ya usiku huogopa safari hiyo, na anayo sababu.

Mikumi imeingia katika orodha hivi karibuni tu. Treni ya reli ya kisasa ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata. Nauli ya treni ya kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa Sh. 13,000 hadi Morogoro na Sh. 31,000 hadi Dodoma. Kutoka Morogoro hadi hifadhi ya Mikumi ni kama kilomita 100 za lami. Kwa hesabu ya karatasi, mtu anaweza kutoka hotelini alfajiri, akaona tembo na twiga mchana, akalala tena Dar. Kwa hesabu ya mgongo, hiyo ni safari ya vijana. Wazee na wenye watoto wanapaswa kulala Mikumi, na wakala anayewaficha hilo atalipia kwa malalamiko.

Zanzibar kwa siku moja imepanda bei

Badiliko kubwa la soko hili limetokea upande wa Zanzibar. Kwa miaka mingi safari ya kwenda na kurudi Unguja kwa siku moja ilikuwa ndiyo jibu la kwanza la mapokezi ya kila hoteli. Boti ya mwendo kasi inachukua muda usiopungua sana saa mbili, hivyo mgeni alitoka asubuhi, akatembea Mji Mkongwe, akala, akarudi na boti ya alasiri.

Tangu tarehe 1 Oktoba, 2024, mgeni wa kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Kwa mwenye kukaa Nungwi wiki mbili, dola hizo hazionekani. Kwa mwenye kukaa Forodhani saa tano, zinaonekana sana, kwa kuwa kiasi ni kile kile. Watu wazima wanne waliofikiria kwenda kula pweza na kurudi wanadaiwa dola 176 kabla hawajanunua tiketi ya boti, na bado hawajamlipa wa kuwatembeza.

Ambaye tayari ana wiki ya Zanzibar katika ratiba yake hahusiki na hesabu hii. Lakini mgeni wa kikazi aliyekuja kwenye mkutano Posta, akabakiwa na Jumamosi moja, hesabu inamgusa moja kwa moja. Huyo ndiye mteja aliyeachwa mikono mitupu, na ndiye ambaye katikati ya jiji na Kariakoo wangeweza kumchukua. Yumo pia baharia aliyeshuka kwa saa chache, na abiria anayesubiri ndege ya kwenda kusini.

Mali iliyopo

Ukiondoa mazoea ya kuidharau, bidhaa ya katikati ya jiji ni nzuri, na sehemu kubwa yake inafikika kwa miguu. Boma la Kale, lililojengwa wakati wa Sultan Majid wa Zanzibar kati ya mwaka 1866 na 1867, lipo Barabara ya Sokoine likitazama bandari, na tangu mwaka 2017 ndani yake kuna kituo cha urithi wa majengo ya jiji. Hatua chache kutoka hapo ni Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa na Wajerumani kati ya 1897 na 1902, kisha Azania Front lenye mnara mwekundu. Ukipanda juu unakutana na Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, inayowakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mbele zaidi ni Bustani ya Mimea iliyoanzishwa mwaka 1893, na jirani yake Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 1940, ambayo mali yake maarufu ni fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959.

Matembezi mengi ya jiji yanakoma hapo. Mgeni anarudishwa kwenye gari, anapelekwa Mwenge kwenye vinyago au kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, na siku imekwisha. Kariakoo, iliyo kama kilomita mbili tu kutoka Sanamu ya Askari, anaiona kupitia kioo cha gari, ikiwa ataiona.

Hapo ndipo hadithi nzuri kuliko zote inapoachwa bila kuuzwa. Serikali ya kikoloni iligawa mji huu mara tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini katikati, na Uswahilini magharibi. Kati ya Uhindini na Uswahilini ukaachwa uwanja wazi, Mnazi Mmoja, wenye kazi ya kutenganisha watu. Anayetembea leo kutoka Azania Front, akapita Mtaa wa Samora, akaingia Mtaa wa Jamhuri wenye maduka ya Wahindi, akavuka Mnazi Mmoja na kutokea Mtaa wa Uhuru, amevuka mji wote wa ukoloni kwa chini ya saa moja. Hakuna tiketi ya kukata. Anachohitaji ni mtu wa kumweleza anachokiona.

Mwisho wa njia hiyo ni Kariakoo, yenye jina linalotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita ile ile inayokumbukwa na Sanamu ya Askari. Maelfu yao hawakurudi. Mgeni aliyeanza matembezi kwenye sanamu ya shaba na kumalizia kwenye mtaa uliobeba jina la wapagazi amepata kitu ambacho Bongoyo haikiuzi.

Jengo la soko lenyewe ni kazi ya msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, na lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limetengenezwa kwa maumbo kama miavuli iliyogeuzwa, ambayo huteremsha maji ya mvua hadi kwenye matangi chini ya ardhi. Moto wa tarehe 10 Julai, 2021, uliunguza jengo hilo, na ukarabati wake pamoja na ujenzi wa soko jipya la ghorofa pembeni ulitengewa zaidi ya Sh. bilioni 28. Wanafunzi wa usanifu majengo kutoka nje wanalifahamu jina la Amuli. Wauza viatu wa Mtaa wa Kongo wanaopita mbele ya kazi yake kila asubuhi, wachache wanalijua.

Kwa nini hapitishwi Kariakoo

Hoteli na mawakala wana sababu tatu za kumkwepesha mgeni, na zote ni za kweli.

Ya kwanza ni vibaka na msongamano. Mtaa wa Kongo saa sita mchana hauna nafasi ya kutembea watu wawili sambamba. Kuna magunia kichwani, mikokoteni, bodaboda na matangazo ya vipaza sauti. Mwenye kamera shingoni anajiweka sokoni yeye mwenyewe. Dawa yake ni saa. Kariakoo ya saa mbili na nusu asubuhi ni mahali tofauti na Kariakoo ya saa nane mchana, na Jumapili asubuhi ni tofauti zaidi. Mpango wa biashara wa saa 24 uliozinduliwa Februari 2025 umeongeza taa, na huenda matembezi ya jioni yakawezekana, ingawa kwa sasa hiyo si bidhaa ya kuanza nayo.

Ya pili ni usalama wa majengo. Tarehe 16 Novemba, 2024, ghorofa iliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mgeni anayesoma habari analikumbuka hilo, na mwenye kumtembeza asimpitishe chini ya jengo linalochimbwa msingi upya ili kupata maduka ya chini.

Ya tatu, na hii ndiyo inayowahusu wafanyabiashara wenyewe, ni bei. Kila anayenunua Kariakoo anamjua winga, yule kijana anayemdaka mteja barabarani, anamwingiza dukani na kuongeza chake juu ya bei ya mwenye duka. Kwa mteja wa Tandika au Mbeya huo ni mchezo unaofahamika, na mwenye maneno anashinda. Mgeni haufahamu. Akinunua doti ya kanga kwa bei fulani, kisha akakuta duka la pili bei ni nusu, haoni kwamba ameshindwa mchezo. Anaona ameibiwa, na jioni hiyo anawaandikia watu duniani kote. Winga mmoja akipata faida ya Sh. 10,000 anaweza kuufungia mtaa mzima milango.

Tiba haihitaji semina. Maduka matano au sita ya Mtaa wa Uhuru na mitaa ya jirani yakikubaliana kuweka bei kwenye karatasi, kwa shilingi, na kutoa risiti ya mashine bila kuombwa, anayetembeza wageni atayapeleka makundi yake huko kila wiki. Kiongozi wa matembezi naye alipwe ujira wake waziwazi ndani ya bei ya matembezi, asitegemee asilimia ya mlango wa nyuma. Akitegemea asilimia, naye ni winga mwenye kitambulisho.

Bidhaa za kumuuzia mgeni zipo, na zinaingia katika begi la kilo 23. Kanga zinaongoza, kwa sababu ni nyepesi na zina maneno. Mgeni hununua maneno kuliko rangi, na duka lenye kuweza kumfafanulia maandishi ya kanga huuza tatu mahali pa moja. Vitenge vinafuata, na hapa kuna fedha ambayo haijaguswa: fundi cherehani aliyepimisha mgeni saa tatu asubuhi anaweza kumaliza shati kabla ya jioni, likapelekwa hotelini kwa bodaboda. Viungo, kahawa na chai vinauzika vikiwa vimefungwa vizuri. Vikapu vya ukili navyo vinafaa tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019, kwani mgeni huingia nchini hana cha kubebea. Upande wa soko la samaki la Feri, tahadhari ni moja: magamba ya kasa yasiuzwe wala kununuliwa. Sheria inakataza, na atakayeumbuliwa uwanja wa ndege ni mgeni.

Mtalii asiyejiita mtalii

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayesema wageni hawafiki kwake amesahau aliomuuzia jana. Kila wiki mitaa ya Aggrey, Likoma, Msimbazi na Narung'ombe hupokea wanunuzi wa jumla kutoka Kongo, Zambia, Malawi, Burundi, Komoro na kwingineko. Hao ni wageni wa nje kama wengine. Wanalala nyumba za wageni za Kariakoo na Ilala, wanakula kwa mama lishe, na mzigo wao unapofungwa na kusubiri lori au meli wanabakiwa na siku moja au mbili za kukaa bure.

Siku hiyo wanaifanyia nini? Wengine wanavuka kivuko au daraja kwenda fukwe za Kigamboni, wengine wanakwenda Coco Beach Jumapili jioni kula mihogo na mishikaki, wengine wanalala tu. Mwenye kutoka Lubumbashi hajawahi kuogelea baharini. Mama wa Lilongwe aliyekuja mara nane kununua nguo za watoto hajawahi kuingia Makumbusho ya Taifa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba yapo mwendo wa bajaji kutoka anakolala.

Mteja huyu ana tabia tofauti na Mzungu wa hoteli ya ufukweni. Haogopi msongamano, kwani ndio kazi yake. Hataki kuambiwa habari za vibaka wa Kongo, anawajua. Anataka bahari, picha nzuri ya kupeleka nyumbani, chakula cha uhakika, na arudi kabla ya saa ya kupakia. Bei yake ni ndogo, ila anarudi mara tatu au nne kwa mwaka, na anakuja na wenzake. Nyumba ya wageni itakayobandika mlangoni tangazo la matembezi ya Jumapili kwenda Mbudya au Bagamoyo, kwa Kiswahili na Kifaransa, itakuwa imefanya kazi ambayo hoteli kubwa hazijaifanya.

Sheria zimemfungulia nani

Mwezi Julai 2025 Serikali ilitoa amri inayokataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo biashara ya jumla na rejareja, jambo lililoshangiliwa sana Kariakoo. Waliokuwa wakishangilia hawakusoma orodha hadi mwisho. Imo pia kazi ya kuongoza watalii ndani ya nchi, na imo biashara ya makumbusho na maduka ya vitu vya sanaa na kumbukumbu. Asiye raia anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua Sh. milioni 10 au kifungo, na raia anayemkingia kifua naye ana adhabu yake. Kwa maneno mengine, uwanja wa matembezi ya siku moja umeachiwa wenyeji. Kilichobaki ni wenyeji kuingia.

Kuingia kuna masharti. Anayeuza safari kwa watalii anahitaji leseni ya uwakala wa utalii, inayojulikana kwa jina la TALA, na kiongozi wa watalii naye ana leseni yake. Wapo vijana wengi wanaotembeza watu bila karatasi yoyote, wakiitwa rafiki au mwenyeji. Hoteli makini haitamkabidhi mgeni kwa kijana wa namna hiyo, hivyo anabaki kuokota wateja barabarani kwa bei ya kutupa. Kwa mtaji mdogo, njia nyepesi ni kushirikiana na wakala mwenye leseni tayari: yeye anauza na kutoa risiti, Kariakoo inatoa kiongozi anayejua mitaa.

Bei itangazwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mgeni atabadilisha benki au duka la fedha, au atalipa kwa kadi. Kundi likianza matembezi kwa kusimama Samora kubadilisha fedha, muda huo uhesabiwe ndani ya ratiba, maana hakuna duka la kanga linalopokea noti ya dola 100 na kuirudishia. Aidha, tangu Julai 2016 huduma za utalii zimo katika kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Aliyesajiliwa asiisahau anapopanga bei, kwa sababu Mamlaka ya Mapato haitaisahau.

Hesabu ya wageni sita

Kwa mwekezaji mdogo, mfano ufuatao ni wa kupimia tu, na kila mmoja ataweka tarakimu zake. Chukua matembezi ya saa nne, kuanzia Boma la Kale saa mbili asubuhi na kumalizia Kariakoo saa sita, kwa Sh. 70,000 kwa kichwa. Tiketi ya Makumbusho mgeni ajilipie mlangoni. Kiongozi analipwa Sh. 80,000 awe na mgeni mmoja au sita. Chakula, kahawa na kashata ni Sh. 10,000 kwa mtu. Bajaji za kurudi ni Sh. 20,000 kwa wawili, Sh. 30,000 kwa watatu au wanne, na Sh. 40,000 kwa sita.

Wakija wawili, mapato ni Sh. 140,000 na gharama ni Sh. 120,000. Kinachobaki ni Sh. 20,000, ambazo simu na tangazo zitazimaliza. Wakija watatu, kinabaki Sh. 70,000. Wakija sita, mapato ni Sh. 420,000, gharama Sh. 180,000, na kinabaki Sh. 240,000. Kodi na leseni hazimo. Faida yote iko kwa mgeni wa tatu na kuendelea, na kosa la anayeanza ni kushusha bei ili kumpata mmoja badala ya kuunganisha wawili wa hoteli hii na wawili wa ile. Zaidi ya sita pia ni kosa. Mtaa wa Kongo utawameza wawili, na kiongozi atatumia mchana wake akiwatafuta.

Ambaye hataki kuuza matembezi anaweza kuuza kipande chake. Mama lishe mwenye meza safi na maji ya kunawa, karibu na soko, anaweza kuweka mkataba wa sahani sita kila Jumanne na Alhamisi. Fundi, muuza viungo, mwenye choo safi cha kulipia, wote wamo. Choo, kwa kweli, ndicho kinachoulizwa kabla ya kanga.

Hatari zake

Biashara hii haivumilii mshtuko. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ghasia zilizuka jijini, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa na intaneti ikakatika kwa siku kadhaa. Anayepokea oda kwa simu hakuwa na oda, na aliyekuwa nazo alizirudisha. Atakayeweka mtaji wake wote kwenye matembezi, bila duka au kazi nyingine ya kumshikilia, atakuwa amecheza kamari. Kwa mwenye duka tayari, matembezi ni mapato ya nyongeza, na mshtuko ukija anarudi kwenye kaunta yake.

Msimu nao una sauti. Wageni wa mapumziko huwa wengi Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni masika, na masika ya Dar es Salaam yana desturi yake: bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Morogoro hukatika Jangwani, mwendokasi wa kutoka Kimara unasimama, na kiongozi anayeishi Mbezi hafiki Boma saa mbili. Wanunuzi wa Kongo na Zambia, hata hivyo, huendelea kuja katika miezi hiyo, na mizigo yao huchelewa zaidi kwa ajili ya mvua. Wanakaa siku nyingi kuliko kawaida, vyumba vya Ilala vimejaa, na Makumbusho ya Taifa yana paa.